Kibandiko cha Buluu

Kwa miaka tisa chama kile kilikuwa na watu wanane, chupa moja ya chai, na ugomvi usioisha: hadithi ipi ni ya sayansi na ipi ni ya njozi. Kila Jumamosi mchana walijifungia katika chumba cha nyuma cha maktaba wakararuana kwa ajili ya majoka na vyombo vya angani, kama ndugu wanaogombea kiwanja. Mkutubi, mwenyekiti wao, aliweka vibandiko mezani, vya buluu kwa sayansi na vya zambarau kwa njozi. Hakuna hadithi iliyopanda rafu bila kubandikwa.

Mkali kuliko wote alikuwa fundi redio. Kanuni ilikuwa yake, na aliitamka kama mtu aliyeteremshiwa: "Ikiwezekana, sayansi. Isipowezekana, njozi. Basi." Mwalimu mstaafu alipoleta hadithi yake ya joka, jasho la miaka miwili, Fundi alimuuliza tu, "Huo moto, Mwalimu, unawashwa na gesi gani?" Watu walicheka hadi wakashika mbavu. Mwalimu naye alicheka, lakini jambo lile aliliweka moyoni.

Miezi saba baada ya kumzika mkewe, Fundi alileta hadithi yake mwenyewe, kurasa sita za mwandiko wa mkono. Aliisoma kwa sauti iliyokauka. Mgane mmoja anaunda redio. Koili ya waya mwekundu inazungushwa kwenye kopo la maziwa, antena ni vyuma vya mwavuli, kila kitu kwa kipimo chake. Redio inanasa sauti ya marehemu mkewe, akimuuliza kama amekula.

"Naomba buluu," Fundi alisema.

Mwalimu alikuwa ameingoja siku hiyo. "Na hiyo sauti, Fundi, inarushwa kutoka kituo gani?"

Walicheka. Fundi hakucheka. "Sauti haipotei. Inafifia tu. Ukipata chombo..."

"Shemeji tulimzika sote," Mwalimu alisema, safari hii taratibu, maana aliona amepitiliza. "Hadithi ni nzuri, kaka. Lakini ni njozi."

Wakapiga kura. Watatu walimpa buluu, kwa huruma tu, watatu wakakataa. Ikabaki kura ya Mkutubi. Alikuwa mtu wa haki, na tusifichane, alijipenda kwa sifa hiyo. Aliona kumpendelea rafiki ni kumdharau. Akabandika zambarau.

"Kibonyeze vizuri," Fundi alisema. "Kisije kikabanduka." Akaondoka, chai yake haijaguswa.

Jumatatu asubuhi Mkutubi alipita kwenye banda la Fundi kumrudishia miwani aliyoisahau. Juu ya meza palikuwa na redio. Aliona waya mwekundu, kopo la maziwa, vyuma vya mwavuli. Fundi alikuwa akifungua skrubu moja moja na kuzipanga kwenye sahani.

"Kumbe ipo?"

"Ipo. Tangu msiba sijaizima hata siku moja."

"Umewahi kusikia kitu?"

"Mvumo tu. Kila siku nasema labda kesho." Hakuinua macho. "Kwa mambo haya najidanganya, Mwenyekiti. Ndiyo maana nikawaletea ile hadithi. Nyinyi hamumwonei mtu haya."

Mkutubi aliumia. Alitamani angekuwa mwongo, mara moja tu, Jumamosi ile. Alipekua mkoba akatoa kibandiko cha buluu. "Naweza kubadilisha. Mwenyekiti anaruhusiwa."

Fundi alikitazama, akatabasamu kidogo kwa upande mmoja wa mdomo.

"Kanuni ni yangu, dada," alisema, akachukua koleo. "Nishikie huu waya wa betri, nikate."

Mkutubi akaushika. Mvumo, ambao hakujua kwamba alikuwa akiusikia tangu aingie, ukakoma.