Mtandao Nyuma ya Zizi

Krismasi ile, Denis alipopanda kijijini kwao mlimani, Kirua Vunjo, kutoka Dar es Salaam, alimletea mama yake simu ya mkononi. Mektrida aliipokea kwa mikono miwili, akashukuru. Lakini nyumbani kwake haikushika mtandao hata kidogo. Denis akazunguka nayo migombani, mkono juu, hadi akatokea nyuma ya zizi la baba yake mkubwa, Wenseslaus. Pale ikashika.

"Mama, ukinitaka, uje usimame hapa."

Mektrida akageuza njia kurudi nyumbani. Tangu mumewe Sirili azikwe, mwaka wa nne huo, yeye na shemeji yake walikuwa hawasalimiani. Wenseslaus alidai masale, mimea iliyotenganisha mashamba yao, yamesogezwa. Mektrida akasema aliyeyapanda ni marehemu mwenyewe. Yakatoka maneno ambayo hayarudi mdomoni.

Basi kila Jumapili baada ya misa aliteremka mpaka barabara kuu, kulikokuwa na mtandao. Magoti yalimuuma, lakini aliona heri magoti kuliko kupiga hodi kule.

Jumapili moja, masika yalipokolea, Denis akamwambia kwa sauti ya hofu kwamba mkewe, Violet, amelazwa kujifungua na hali si nzuri. "Nipigie kesho asubuhi, Mama."

Usiku kucha mvua haikukatika. Kulipokucha, maji yalikuwa yameikata njia ya kuteremkia. Mektrida alisimama mlangoni, simu kifuani, kisha akajitosa migombani.

"Hodi, shemeji. Shikamoo."

Wenseslaus alikuwa akikatia ng'ombe migomba. Akamtazama mama wa watu alivyolowa.

"Marahaba. Kuna msiba?"

"Sijui. Mkwe wangu yuko hospitali, na mtandao uko kwako."

Mzee akaweka panga chini. Akavua koti lake, akalitandaza juu ya kichwa cha shemeji yake ili simu isilowe. Mektrida akabonyeza kama alivyofundishwa.

"Denis! Nakusikia! Violet mzima? Na mtoto je?" Akasikiliza, machozi yakamlengalenga. "Mmempa jina la nani? Sirili?"

Koti likashuka. "Sirili gani?" Wenseslaus akauliza.

"Mjukuu wako. Haya, zungumza na mwanao."

Mzee akaishika simu kwa mikono miwili kama bakuli la uji wa moto, akapaza sauti ikafika bonde la pili. "Denis! Ni mimi, baba yako mkubwa!" Mvua ilimnyeshea kipara na hakuijali. Kisha akasema, "Mkeo anywe mtori. Ndizi za huko Dar si ndizi, nitakutumieni za nyumbani."

Siku ya pili mikungu miwili ilipakiwa kwenye basi, mmoja kutoka kila upande wa mpaka.

Mpaka wenyewe hawakuusuluhisha. Hata leo Wenseslaus husema masale yale yamekaa pabaya, na Mektrida hujibu yamekaa palepale. Ila tangu hapo, kila Jumapili Mektrida alikuta kigoda kimeshawekwa nyuma ya zizi, na chai.

Baadaye mnara ukajengwa, mtandao ukaingia hadi jikoni kwa Mektrida, na Wenseslaus naye akanunua simu. Mara kwa mara humpigia kuuliza kama ng'ombe wake amevukia huko. Huongea kwa kelele, hata Mektrida humsikia mara mbili: simuni, na kupitia migombani.