Mstari Wangu wa Miwa

Niliganda kwenye ukingo wa shamba, panga mkononi. Mtu aliyekuwa akikata miwa kwenye mstari wangu alikuwa Mniko, mume wangu, tena amevaa gambuti zangu!

Hebu fikiria. Mwaka mzima alikuwa machimboni. Bei ya dhahabu ilipopanda, wanaume wa huku kwetu Migori walitupa mapanga wakakimbilia mashimo, miwa ikabaki inakauka. Ndipo Gichana, nyapara wetu, alipogundua kwamba wanawake nao wana mikono. Alituandika, akapandisha malipo hadi mia nane kwa tani, mara mbili ya yale ya wanaume. Sisi wanawake tukapatana kufunga midomo. Mniko akipiga simu kuuliza nalipwa ngapi, nilimjibu ni ile ile mia nne, maana pesa ikipitia mikononi mwake haifiki nyumbani, na binti yetu Beverly alikuwa amebakiza muhula mmoja wa uuguzi kule Homa Bay.

Wiki iliyopita mvua ilijaza mashimo, yakafungwa. Wanaume wakarudi.

"Gichana, hii ni nini?" Nilimgeukia nyapara aliyesimama kando na daftari lake.

"Mama Beverly, nafasi ni ya boma, yeyote wa kwenu anaweza kuichukua," akasema bila kunitazama. "Mzee wako alikuja mwenyewe jana na wenzake. Wamesema watakata kwa ile mia nne."

Mia nne! Kwa mia nne Beverly hamalizi masomo, na aliyeitaja bei hiyo ni mimi.

"Enda nyumbani upumzike, mama," Mniko aliniita huku akitabasamu. Maskini, alidhani amenitendea wema.

Nilishindwa kunyamaza. "Mniko, mimi nililipwa mia nane!"

Mapanga yalisimama shamba zima. Mniko alinikodolea macho kama mtu aliyepigwa kofi na mgeni.

"Mia nane? Na ukaniambia..." Hakumaliza. Alimgeukia Gichana. "Nyapara, basi si utulipe kama hawa wamama?"

Gichana hata hakukasirika. "Hiyo ilikuwa bei ya wakati hamko. Saa hii mko, na wengine wako njiani wanakuja."

Nilingoja angalau mmoja atupe panga chini. Waliinama mmoja mmoja, wakaendelea kukata. Mniko aliinama wa mwisho.