Sauti ya Kujaribia

Mambo yaliharibika Alhamisi, tarehe kumi na tisa mwezi wa tano, saa nne asubuhi, na yaliharibika kwa sifa. Ujumbe wa shirika uliingia kwenye simu ya binti ukianza hivi: "Tumeipenda sana katuni yako." Baba mtu alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda akikwangua rangi kwenye kucha. Aliposikia wakubwa wamependa, akaacha kukwangua. Maisha yalishamfundisha kwamba mkubwa akikichukia chako atakuachia, akikipenda, umekwisha.

"Soma mpaka chini," alisema.

"Subiri basi, baba, nifurahi kwanza."

"Furahi huku unasoma."

Binti alikuwa mwaka wa mwisho chuoni, akisomea kutengeneza katuni. Mtihani wao wa mwisho haukuwa wa kuandika. Kila mwanafunzi alipewa mteja wa kweli amtengenezee filamu fupi. Mteja akishaitazama hutoa maoni, mwanafunzi huyapima, hurekebisha, hadi mteja atie sahihi kwamba ameridhika. Bila sahihi hakuna cheti. Wenzake walipata duka la viatu, wengine kiwanda cha sabuni. Yeye akaangukia shirika la hisani linalosaidia watu wasio na makazi. Nasema akaangukia, kwa sababu ni shirika hilohilo lililowapa chumba walichokaa, ghorofa ya tatu, dirisha moja linalotazama ukuta, kwa mkataba wa miezi mitatu unaoongezwa mkurugenzi akipenda.

Katuni ilikuwa ya dakika tatu. Mzee anahojiwa kwenye kibaraza cha duka lililofungwa, anaeleza alivyofika hapo. Mkewe alikuwa muuguzi, wakiishi nyumba ya kazi. Mke akaugua, akafariki. Machozi hayajakauka, akaja ofisa wa idara ya nyumba na kufuli jipya. Basi. Hakuna zaidi, maana kweli hapakuwa na zaidi. Binti alikuwa amemchora baba yake mwenyewe, hata bega lile lililoshuka kwa kubeba ngazi miaka yote ya kupaka rangi nyumba za watu.

Kosa lake lilikuwa kwenye sauti. Wachora katuni, kabla ya kuchora midomo, huweka sauti ya kujaribia, ya yeyote aliye karibu, wapate kupima urefu wa maneno. Msomaji hasa huja baadaye. Binti alijifunika blanketi pamoja na baba yake ili kelele za ngazini zisiingie, akamrekodi kwa simu. Msomaji hasa hakuja. Siku zikayoyoma, naye akaichora midomo yote kwa kuifuata sauti ile: mapengo yake, vikohozi vyake, anavyomeza mate kabla ya kumtaja marehemu. Wiki kwa wiki alikuwa anachora midomo. Sasa mkurugenzi aliandika: "Sauti hii isibadilishwe. Ndiyo roho ya filamu."

Chini ya sifa yakafuata maoni.

Mwalimu wao aliwafundisha kwamba maoni ya mteja si amri. Yaandike kwenye vikaratasi, kimoja kimoja, ubandike ukutani katika mafungu matatu: Kubali, Jadili, Kataa. Binti akabandika juu ya kitanda chake, baba akimkatia gundi ya karatasi.

"Anga iwe nyepesi kidogo."

"Kubali. Anga si yetu."

"Mbwa aondolewe, anaonekana mchafu."

"Walitaka mbwa wa barazani apake losheni?"

"Godoro lionekane limechakaa zaidi."

"Waambie waje wapige picha hili ninalolalia mimi. Ni lao."

Binti alicheka mpaka akaangusha vikaratasi. Kisha akasoma kilichofuata na kicheko kikamkauka. Ofisa mwenye kufuli atolewe, kwa kuwa idara ya nyumba ni mfadhili wa shirika. Mahali pake iwekwe chupa. Na cha mwisho akakisoma polepole, kama anayepita juu ya vigae vilivyovunjika: mke asife. Kifo huwakatisha watu tamaa, hawachangii. Afadhali mke awe amemkimbia kwa sababu ya ulevi.

Mzee alikata kipande cha gundi akampa.

"Kataa," alisema.

Kikabandikwa Kataa.

Jumatatu waliitwa ofisini kwa mkurugenzi, binti, mwalimu, na "mwenye sauti". Mkurugenzi alikuwa mama mpole, wa kukuvutia kiti mwenyewe. Hata jina la mzee alilikumbuka. Watu wa aina hiyo ndio wabaya, mzee aliwaza. Anayekufokea angalau unajua pa kumjibia.

"Mzee wangu, hii si habari yako wewe," mkurugenzi alisema. "Ni ya watu wengi. Mtazamaji anataka kuona mtu kaanguka kwa kosa lake, akainuka kwa msaada wetu. Akiona mtu hana kosa, anaogopa. Anazima simu."

"Kwa hiyo nitafutiwe kosa."

"Dogo tu."

Binti alisema, kwa sauti iliyojaribu kuwa ya kitaalamu, kwamba maoni hayo mawili ameyapima na anaona yanabadilisha maana ya filamu. Akamtazama mwalimu wake. Mwalimu, yule yule wa maoni-si-amri, alikuwa ameona kitu cha maana sana kwenye kofia ya kalamu yake.

"Mteja ana haki ya kusikilizwa," alisema mwishowe.

"Nimemsikiliza, mwalimu."

"Msikilize zaidi."

Mkurugenzi akawasindikiza hadi mlangoni, mkono wake begani mwa mzee. "Ninyi ni wa ghorofa ya tatu, eh? Mkataba wenu unaisha mwezi huu. Sijausahau." Aliyasema kwa huruma kabisa, labda hata bila nia mbaya. Aliye juu hahitaji nia mbaya. Akinyoosha miguu tu, wewe wa chini umekanyagwa.

Tangu siku hiyo vikaratasi vikaanza kuhama ukutani. Mbwa akaondoka. Godoro likachakaa. Binti alijaribu kila njia. Kubadilisha sauti? Midomo yote irudiwe, na filamu ilitakiwa Ijumaa. Mke asitajwe kabisa? Aliandika kuuliza, akajibiwa kwa upole kwamba watu watajiuliza. Ofisa naye akatolewa.

"Mtoe," mzee alisema. "Hata kwenye katuni wana kinga hao."

"Na chupa?"

"Chupa nipe. Nimeitwa mengi."

Jumatano mzee aliporudi kutoka kazini alikikuta kikaratasi cha mwisho chini ya Kubali. Binti alikuwa amekaa amekipa mgongo.

"Nimekisogeza tu, nione kinavyokaa."

"Kinakaaje?"

"Baba, ni katuni."

"Mdomo ni wangu."

"Mama angecheka, wewe unamjua."

"Mama yako alicheka mengi. Kukimbia hakukimbia. Miguu ilikuwa imevimba vile, angekimbilia wapi?"

Binti akageuka, macho mekundu. "Basi niambie nisifanye. Sema neno moja, namwandikia mkurugenzi sasa hivi. Siogopi. Sema."

Akamngoja. Na mzee, mtu wa maneno, aliyewahi kumjibu ofisa, hakimu na daktari mkuu, alisimama na ndoo yake ya rangi mkononi asipate neno. Akisema usifanye, mtoto hana cheti, na mwisho wa mwezi wote wawili hawana chumba. Akisema fanya, amemzika mkewe mara ya pili, na safari hii kwa mkono wake. Waliopanga yote wako ofisini wanakunywa chai. Kufuli wamemshikisha yeye. Akaweka ndoo chini. Akavua viatu, akaenda kunawa, na maji aliyaacha yakimwagika muda mrefu.

Ijumaa mchana binti alishusha blanketi.

"Sentensi mbili tu," alisema. "Midomo yake nitaichora jioni. Mimi nasoma sehemu ya mhoji, wewe unajibu."

Wakaingia. Mle ndani kulikuwa na joto la pumzi mbili, na harufu ya rangi ya mafuta isiyotoka hata kwa sabuni. Simu ilikuwa katikati yao, imeegemea mto, namba za muda zikikimbia. Goti la mtoto liligusa goti lake, akakumbuka lilivyokuwa dogo, akajitahidi asikumbuke.

"Mzee, nyumba yako ilikwendaje?" mhoji aliuliza.

"Niliinywa," alijibu. Ilitoka safi, hata yeye ikamshangaza. Kikohozi kikamjia, akakimeza, maana vikohozi vyake vilishapangiwa mahali.

Binti hakukata. Alingoja namba zikimbie kidogo, akavuta pumzi kwa pua ili isisikike. Sauti yake ilipotoka haikuwa ya mhoji tena, ingawa maneno yalikuwa yaleyale ya kwenye karatasi.

"Na mkeo, mzee, yuko wapi?"