Harusi ya Sura ya Mwisho

Nilikuwa nimeshafungua kamba ya nyuma, mashua imeanza kuachana na ukingo wa mfereji, ndipo nikamwona Enid Sugden anakuja mbio, karatasi zangu mkononi, aproni ya kazi bado kiunoni.

Sisi tunaoishi ndani ya mashua bila kituo cha kudumu, sheria inatutaka tuhame kila baada ya siku kumi na nne. Siku zangu pale mjini Skipton zilikuwa zimetimia. Sikuwa nakimbia. Hivyo ndivyo nilivyojiambia.

Enid ni mjane, mwenye duka la kufulia nguo karibu na daraja, na kwa miaka mitatu alikuwa msomaji wangu wa pekee. Shule niliipata kwa vipande, huku miezi miwili, kule mmoja. Kusoma hasa kulinikolea kwa riwaya nene za zama za Malkia Viktoria, zile zilizokuwa zikitoka sehemu kwa sehemu kila mwezi, watu wakisubiri. Nami nikaandika yangu hivyohivyo, ila ya siku hizi: yatima wangu anapakia vifurushi ghalani, habari ya wosia inamfikia kwa simu, na ukungu ni uleule wa riwaya zile. Kila nikipita niliacha sura moja juu ya mashine namba nne. Nikirudi naikuta imejaa maneno yake ya penseli pembeni. "Huyu wakili muue." "Hapa nimelia mpaka nikaunguza shati la mtu kwa pasi."

Safari hii nilimwachia sura ya mwisho. Riwaya zile zina desturi ya kumalizia kwa kumpa kila mtu fungu lake, nani kaoa, nani kazikwa. Katika yangu, mwenye mashua anamwoa mjane mwenye duka la kufulia, na mashua haihami tena. Kumuuliza Enid kwa mdomo nilishindwa, nikaiachia kalamu kazi hiyo.

Mashua yangu haizidi mwendo wa miguu, basi akatembea sambamba nami ukingoni.

"Wilf! Umeniozesha ukurasa wa mia nne na sita!"

"Mjane yule anaitwa Martha."

"Martha ana goti bovu na mashine namba nne inayovuja. Wako wangapi hao nchi hii?"

"Kwa goti bovu umekimbia vizuri."

"Usinichekeshe, mzee wewe, nimekasirika." Lakini alikuwa anacheka. Kisha akaacha. "Pembeni sikuandika kitu. Nimekuja niulize mwenyewe. Hii ni hadithi tu, au unaniuliza?"

Usukani ulikuwa mkononi mwangu. Kuusukuma kidogo tu, ningegusa ukingo. Miaka arobaini sijalala mahali pamoja siku ya kumi na tano.

"Riwaya hizi lazima ziishe kwa harusi, Enid," nikasema. "Ndiyo desturi yake."

Akazipanga karatasi mkononi, kingo zikae sawa.

"Haya. Basi mwandike Martha aende zake. Mtu haolewi kwa desturi ya vitabu."

Akaninyooshea karatasi. Nilisogeza mashua ili nizipokee, ikawa karibu kiasi kwamba angeweza kupanda. Nikazipokea, nikasema asante.

Basi yaliyowapata watu ni haya. Enid aliuza duka majira ya machipuko, akahamia Whitby kwa dada yake, na mwaka uliofuata aliolewa na fundi saa, mtu mpole, nasikia. Mashine namba nne iliondolewa; mahali pake pana kiti. Yatima wangu alipata nyumba. Wakili nilimuua, kama alivyotaka Enid. Martha sijamwandika aende. Sura ile iko vilevile, ndani ya boksi la viatu chini ya kitanda, pembeni peupe. Mimi nahama kila baada ya siku kumi na nne.