Kanyaga, Shikilia, Achia

Hebu niambie, umewahi kukaa kiti cha abiria ukafunga breki ambayo haipo? Mimi nimefanya hivyo miaka ishirini na saba. Upande wangu wa gari letu, zulia limetoboka pale kisigino kinapokaa, tundu la ukubwa wa kifuniko cha soda, na mume wangu hupenda kuwaonyesha wageni. "Huyu ndiye breki yangu ya pili," husema. Wageni hucheka, nami hucheka nao. Nilichotaka sikukisema. Maneno mengine hukaa kinywani kama uzi wa nyama katikati ya meno: ulimi unaujua, mkono haufiki.

Jumamosi hiyo gari lilikuwa linaondoka. Goti la mume wangu lilikuwa limestaafu, naye alikubaliana na mwoka mikate wa mtaa wa pili aje kulichukua saa kumi. Ila pedali ya breki ilikuwa inazama, na mume wangu si mtu wa kumuuzia jirani ajali. Akamwita mdogo wake, fundi wa magari, aliyefika asubuhi na chupa ya mafuta ya breki, kipande cha mpira mwembamba, na mdomo usiojua likizo.

"Kaka, pedali inafanyaje?"

"Mbovu."

"Mbovu vipi?"

"Fundi ni nani hapa? Mbovu ni mbovu!"

Mimi nilikuwa nimeshika sinia la chai. "Inabonyea kama godoro la zamani," nikasema. "Lakini akiikanyaga mara tatu haraka haraka, inapanda kidogo."

Fundi akanitazama. "Shemeji, umejuaje nawe huendeshi?"

"Nimelitazama goti la kaka yako kuliko uso wake."

Akacheka mpaka spana ikamtoka mkononi. "Basi huo ni upepo ndani ya bomba. Ingekuwa inashuka taratibu huku umeishikilia, ningesema masta silinda, pampu yenyewe ya breki, imechoka. Ingekuwa ngumu kama jiwe, ningetafuta penginepo."

Alikuta kiungo cha bomba penye gurudumu la nyuma kimelegea na kinatoa jasho. Akakikaza, akaongeza mafuta, kisha akatuambia kwamba upepo hautolewi na mtu mmoja. Mmoja hukanyaga, mwingine hulala chini akafungua skrubu ndogo penye gurudumu, mafuta yakatoka na mapovu yake. Skrubu ikifungwa, ndipo mguu huinuka. Mguu ukiinuka mapema, bomba huvuta upepo mwingine, na kazi yote huanza upya.

Mume wangu akaingia kwa heshima zote.

"Kanyaga!" ikasema sauti kutoka chini. "Shikilia..."

Mguu ukainuka.

"Kaka, nimesema shikilia, sikusema salimia!"

"Goti linauma, bwana. Na wewe unakawia kama unaandika barua."

Wakarudia, wakarudia tena. Saa nzima ikaenda, chai ikapoa, na pedali ikabaki godoro lile lile. Mwishowe fundi akatoka chini, sikio moja limejaa vumbi. "Shemeji, ingia wewe."

Nilikunja khanga, nikaketi. Usukani ulikuwa laini pale mikono ya mume wangu ilipouzoea. Barabara ile ile niliyoiona kila siku, kwa kusogea hatua moja tu upande, ilikuwa pana zaidi, kana kwamba mtu amefungua dirisha la pili.

"Kanyaga. Shikilia."

Nikaisikia pedali ikizama chini ya kiatu changu, ikalala sakafuni. Sikuinua. Mimi nimelea watoto watano, nimesubiri maharage yaive kwa kuni mbichi, kushikilia hakunisumbui. "Achia." Nikaachia. Mara ya nne ilisimama juu kidogo. Tulipomaliza gurudumu la mwisho, ilisimama katikati ya safari yake ya kushuka, imara, kama mtu aliyeulizwa swali na kulijua jibu.

"Ndiyo hiyo!" Fundi akapiga bodi kofi. "Washa injini, uijaribu tena."

Nikawasha. Pedali ikashuka unywele mmoja, ikatulia. Gari likatetemeka chini yangu, na mimi pamoja nalo.

Mume wangu alikuwa ametabasamu hadi masikioni, simu mkononi. "Sasa mwoka mikate atapata gari la haki. Ngoja nimwambie aje hata sasa hivi, ya nini kungoja saa kumi? Shuka basi, mama watoto."

Akafungua mlango. Nikaangalia kiatu chake kilichotangulia mlangoni kungoja nishuke, nikaangalia kidole chake juu ya simu. Fundi alikuwa anafuta mikono kwa kitambaa, taratibu mno kwa mtu wa haraka kama yeye.

"Usimpigie," nikasema.

"Kwa nini? Breki si imepona?"

"Imepona." Mikono yangu haikutoka kwenye usukani. "Nataka kuendesha. Nilitaka tangu siku ulipolileta."