Msaragambo wa Ndugu Azimio

Mwalimu Agustino alipozawadiwa farasi, watu wa Kilakala walidhani amerogwa. Mnyama mwenyewe aliachwa na bwana mkonge mmoja wa Kigiriki ambaye shamba lake lilitaifishwa, naye alipofungasha virago akamkabidhi mwalimu aliyewafundisha wanawe hesabu. Farasi aliitwa Sultani. Jina hilo lilidumu siku nne. Siku ya tano Mzee Kibwana, balozi wa nyumba kumi, alifika na daftari kwapani akasema nchi hii haina masultani tena, na mtu mzima kukaa juu ya kiumbe huku wenzake wanatembea ni dalili mbaya. Kikao kikaitishwa. Ikaamuliwa farasi aitwe Azimio, na kila Jumamosi abebe maji na samadi kwenye shamba la ujamaa. Akaandikwa kwenye daftari la mahudhurio, mstari mmoja chini ya Agustino, na mwaka mzima hakukosa hata siku moja. Mwalimu hakuweza kujisifia hivyo.

Agustino aliyavumilia hayo yote kwa sababu alikwisha kupagawa. Aliwaona wataalamu wa kigeni wa chuo cha kilimo cha jirani wakishindana kwa farasi, na tangu siku hiyo ubao mweusi ulimchosha. Mashindano yao yalikuwa na sehemu tatu: kwanza farasi anaonyesha adabu uwanjani mbele ya waamuzi, kisha anakimbia porini akiruka magogo na mitaro, na mwisho anaruka miti iliyopangwa uwanjani. Watu wenye akili zao walilipa kiingilio ili wafanyiwe hayo.

Kuanza mchezo huo kulimtoa jasho. Baiskeli iliondoka, tandiko likaja. Viatu virefu alivipata kwa mwanajeshi mstaafu wa Ngerengere, navyo vilimbana kiasi kwamba kila jioni mkewe, Bernadeta, alimvua kwa kumkanyaga nyonga na kuvuta. Pumba za kuku zikaliwa na farasi, kuku nao wakaacha kutaga. Halafu kulikuwa na kuanguka kwenyewe. Alianguka kwenye matope, akaangukia mkonge, akaanguka mbele ya darasa lake zima la kidato cha pili. Alipoteguka bega, Bernadeta alichoka.

"Baba Yuliana," alisema akimfunga kitambaa shingoni, "mimi sikuolewa ili niachwe mjane na farasi."

"Mara moja tu, mama. Nimalize yale mashindano mara moja tu maishani mwangu, kisha Azimio awe wa shamba moja kwa moja. Sitapanda tena."

"Unaapa?"

"Naapa."

Hakusema uongo. Alitaka mara moja hiyo kuliko alivyowahi kutaka cheo, na aliona aibu kwamba ndivyo ilivyokuwa.

Jumamosi ya mashindano ilifika, na balozi akampa Azimio ruhusa ya siku moja. Kwenye adabu Azimio alijitahidi, ila kila alipomfikia mwamuzi alisimama kabisa, akingoja mtu yule anywe maji, kama alivyozoea kwa wakulima shambani. Agustino akawa wa tisa kati ya washindani tisa. Lakini hakutolewa, na jioni alikuwa na furaha tele. Alimchorea mkewe njia ya kesho yake, chini kidogo ya milima ya Uluguru: magogo kumi, mtaro mpana, kijito chenye kingo za utelezi.

"Na hayo magogo kayaweka nani njiani?"

"Waandaaji."

"Makusudi?"

"Makusudi."

Bernadeta alijitanda khanga akasema anapita kwa balozi mara moja. Agustino alidhani anakwenda kuazima chumvi. Asubuhi alipomkosa kitandani, alidhani amewahi misa ya kwanza.

Alipangwa kuanza wa kwanza. Mama Margareth, mganga wa mifugo aliyekuwa mwamuzi mkuu, alishusha bendera, na Azimio akatoka mbio. Agustino akajiandaa kwa gogo la kwanza. Halikuwapo. La pili nalo halikuwapo. Mtaro mpana ulikuwa umefukiwa na kushindiliwa vizuri, na juu ya kijito kulikuwa na daraja la magogo kumi, imara, lenye mikono ya kushikia. Alipokata kona aliwakuta watu thelathini wa msaragambo, majirani waliojitolea kazi ya pamoja, na majembe yao, jasho likiwatiririka, na Mzee Kibwana akiweka alama za mahudhurio.

"Pita, ndugu Mwalimu! Njia safi mpaka kule juu! Tumeanza alfajiri!"

Azimio, alipoona majembe, akasimama ili wenzake wanywe maji.

Mama Margareth alifika na Landrova. Aliangalia daraja muda mrefu, akasema ni zuri. Kisha akasema mashindano yanaahirishwa kwa wiki moja, magogo yarudishwe, na mshindani aliyesaidiwa na watu wake anatolewa.

"Kusaidiana kumekatazwa?" Mzee Kibwana alishangaa kwa dhati. "Sasa huo ni mchezo gani?"

Agustino alishuka. Alitaka kupiga kelele mbele ya wote, amuulize Bernadeta, aliyesimama na jembe kati ya wale thelathini, kama anajua alichomnyang'anya. Ndipo alipoiona mikono yake, malengelenge yamepasuka viganja vyote viwili.

"Hukuweza kuniambia?"

"Ungenikataza. Nami niliogopa, Baba Yuliana. Niliogopa sana."

Hasira haikumtoka, ila alikosa pa kuiweka. Akamwinua akamkalisha juu ya Azimio, upande upande na khanga yake, kwa kuwa alikuwa amechoka na nyumbani ni mbali. Wakaondoka, yeye akivuta kamba mbele, viatu vikimla vidole.

Walipofika kwenye mfereji wa shamba, kamba ililegea. Azimio alijikunja, akaruka. Agustino alisikia yowe, akafumba macho. Alipoyafumbua, farasi alikuwa ng'ambo akitafuna majani ya maharage ya ujamaa, na Bernadeta alikuwa bado juu, kalala kifudifudi shingoni, kilemba kimeangukia mfereji, mabega yakimtikisika.

Agustino aliingia majini mpaka magotini. "Mama Yuliana! Umeumia? Usilie, nakuja!"

Bernadeta aliinua uso. Alikuwa anacheka mpaka machozi.

"Usinishike," alisema. "Mgeuze. Nataka aruke tena."