Misiba Mitano Aliyoikosa Buberwa

Dhamana ya Buberwa ilikuwa wazi tangu siku ya kwanza. Hakimu alisema kosa la kufyeka migomba ya jirani lina dhamana. Waje watu wawili wanaomfahamu, wenye kibanja cha migomba, vitambulisho na barua ya mtendaji wa kijiji, waweke sahihi, mtu arudi kwake akalime. Miezi minane baadaye Buberwa alikuwa bado mahabusu Bukoba, na mkewe Klaudia alikuwa amepiga hodi katika kila nyumba ya kitongoji chao, upande wa Ijumbi.

Si kwamba watu walimchukia. Tatizo lilikuwa chama cha kuzikana. Kila kaya ilikuwa humo, na sheria ilikuwa moja kwa wote: mkuu wa kaya akikosa misiba mitatu anafutwa daftarini, mpaka aje mwenyewe aombe radhi, msiba kwa msiba, na kutoa dumu la rubisi, pombe ya ndizi. Atakayemsaidia aliyefutwa, naye anafutwa. Buberwa alikuwa amekosa misiba mitano.

"Yuko ndani, Tata," Klaudia alimwambia mwenyekiti, mzee Karugendo, akimwita baba kwa lugha ya kwao, akiwa amepiga magoti mlangoni.

"Najua yuko ndani. Akitoka, aje aombe radhi."

"Hawezi kutoka bila wadhamini."

"Na sisi hatumdhamini asiye mwanachama. Nikilegeza kwa mmoja, kesho nani atabeba jeneza?"

Mara tatu alikwenda, na mara tatu alirudi na maneno yale yale. Klaudia hakuwa mtu wa kubishana. Sauti yake ilikuwa ndogo, na mbele ya wazee ilizidi kuwa ndogo. Majibu mazuri yalimjia akiwa tayari yuko jikoni kwake, anamenya ndizi.

Aliyemsaidia alikuwa Mama Consolata, muuza vitenge wa Bukoba mjini. Yeye na wenzake kumi na wawili, wenye maduka na walimu wastaafu, Walutheri kwa Wakatoliki, walichanga kila mwezi ili maskini wasiozee mahabusu kwa sababu tu wadhamini wao wamekosa nauli. Walilipia mafuta, chakula cha mchana na wakili. Kuweka sahihi hawakuweza, maana mahakama ilitaka watu wa nyumbani. Consolata alikuja na gari lake mpaka kwa Karugendo, akasikiliza habari za daftari hadi mwisho, akashika kichwa. Kisha akauliza kama radhi inaweza kuombwa mahali pengine. Mzee alifikiri sana. Sheria ilisema mtu aje mbele ya viongozi, haikusema wapi.

Basi Alhamisi ya kesi waliondoka alfajiri kwenda mahakamani Muleba. Karugendo alikaa mbele, katibu Aristides nyuma yake na daftari mapajani, wote wamevaa makoti; hao wawili ndio wangeweka sahihi radhi ikishaombwa. Klaudia alibana dumu la rubisi kati ya miguu.

"Nimebeba wadhamini wengi," alisema Consolata, "lakini leo ndiyo mara ya kwanza nabeba sheria pamoja na pombe yake."

Wazee hawakucheka.

Kesi ilitajwa mapema. Hakimu aliagiza karatasi za wadhamini zifike kwa karani kabla ya saa tano, kwa sababu baada ya hapo angekwenda Kimwani kukagua shamba lenye mgogoro. Ilikuwa saa nne. Karani alikuwa hatua kumi tu kutoka walipo, lakini wazee walizunguka nyuma ya jengo hadi kwenye dirisha la chumba cha mahabusu walioletwa siku hiyo. Askari aliwaruhusu, akidhani ni wazazi.

Karugendo alisoma msiba wa kwanza. Buberwa, amekonda, aliomba radhi.

"Sababu ya kutofika?"

"Nilikuwa gerezani."

Aristides aliandika taratibu, herufi moja moja. Msiba wa pili, sababu? Gerezani. Wa tatu, gerezani, Tata.

"Wa nne. Kemilembe binti Rutashobya."

Buberwa alishika nondo za dirisha. Kemilembe alikuwa shangazi yake, ndiye aliyemlea. Hakumtazama mzee, alimtazama mkewe.

"Shangazi amekufa?"

Klaudia aliitikia kwa kichwa. "Mwezi wa sita."

"Kila ukija unaniambia ananisalimu."

Akaegemeza paji la uso kwenye nondo, akalia. Na hapo hapo Klaudia akasikia karani akiita upande wa mbele: wadhamini wa Buberwa.

"Tata waitu, tunaitwa."

Karugendo aliinua kidole. Mfiwa haharakishwi, alisema, na umebaki msiba mmoja.

Karani akaita tena. Klaudia alikimbia, akamwambia wapo, wanakuja. Karani alitazama saa, akasema anamwona yeye peke yake. Alipokimbia kurudi dirishani, Aristides alikuwa anaandika sababu ya tano, dumu la rubisi likiwa limeshapokelewa, liko miguuni pake. Wazee walipofika mbele, gari la hakimu lilikuwa limeshatoka getini. Consolata alimsihi karani, wakili naye alisihi. Tarehe iliyofuata ilikuwa baada ya siku kumi na nne.

Karandinga lilipita na Buberwa ndani yake. Karugendo alilipungia mkono. Yeye hakuwa na huzuni; mtu wao alikuwa amerudi daftarini kwa haki.

"Tutakuja tena," alisema, akielekea kwenye gari, "kama hapatakuwa na msiba."

Klaudia alisimama mbele ya mlango wa gari. Hakupiga magoti. Alinyoosha mkono.

"Vitambulisho vyenu, Tata. Na barua za mtendaji. Nitakaa navyo mimi mpaka siku hiyo."

"Umekuwa kizuizi cha polisi?"

"Nitakaa navyo."

Sauti ilikuwa ile ile ndogo, ila mkono haukushuka. Consolata alichomoa ufunguo, akautia mkobani, akasema yeye hana haraka, dukani ameacha mtu. Karugendo aligeuka kumtafuta Aristides amsaidie kusema. Aristides alikuwa ameshatoa vyake.

Mzee alipekua koti kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Klaudia alipokea, akafungia vyote kwenye pindo la kitenge, akakaza fundo, akaongeza la pili. Ndipo akasogea, wazee wakapanda.